Corolla 110 ya kubebea asali: kelele ya mbele, spesa na bushi iliyochanika

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Mwenye gari ni shemeji yangu, mkazi wa Tabora mjini, anayenunua asali kwa warina wa vijiji vya Sikonge na kuileta mjini kwenye ndoo za lita 20. Kutoka Tabora hadi Sikonge ni lami, kama kilomita 70 hivi. Taabu huanza akiiacha lami na kuingia njia za msituni, kwenye mchanga, visiki na makorongo yaliyochimbwa na mvua.

Alikuwa na malalamiko manne. Mbele kushoto paligonga kila gari lilipopita kwenye kishimo kidogo kwa mwendo wa taratibu, ko, ko, ko, halafu likishika kasi kwenye lami kelele inapotea. Akikanyaga breki, usukani ulivuta kushoto. Matairi ya mbele yalilika upande wa ndani hadi waya ukaanza kuonekana, ilhali upande wa nje kashata, yaani meno ya tairi, bado nzima. Na nyuma, gari likiwa tupu, lilirukaruka na kukosa utulivu hata kwenye barabara nzuri.

Alishapita gereji. Aliambiwa shokapu zimekufa, akauziwa jozi ya mbele, used ya Japani, zikafungwa siku hiyohiyo. Kelele ikapungua kwa muda mfupi, kisha ikarudi ileile. Sasa alikuwa ameambiwa anunue na za nyuma.

"Shemeji, nimechoka kununua," aliniambia. "Nataka nijue kwanza kinachogonga ni nini."

Ndivyo kila mwenye gari anavyopaswa kuanza, kabla pesa haijatoka mfukoni. Naliandika suala hili kwa urefu kwa sababu magari ya umri huu yamejaa mikoani kwetu, mengi yameinuliwa kwa spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, na kazi kubwa ya kuyarudisha katika hali yake unaweza kuifanya nyumbani kwako ukiwa na vifaa vichache na subira.

Historia ya gari ilisema nusu ya jibu

Nilimuuliza kelele ilianza lini. Akakumbuka kwamba gari lilikuwa kimya mpaka msimu mmoja wa kurina, ambapo nyuma ilianza kulala kwa mzigo na ekzosi ikawa inakwaruza chini. Akashauriwa aliinue. Mbele zikawekwa spesa za aluminiamu zenye unene wa sentimita 4 hivi, juu ya mauntingi ya shokapu, yaani kishikizo chake cha juu. Nyuma zikashindiliwa raba katikati ya mizunguko ya springi. Gari likasimama juu, likapendeza, naye akaridhika. Miezi kadhaa baadaye ndipo kugonga kukaanza.

Hapo tukapiga hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa inafika kilo 28. Yeye alizoea kupakia ndoo 10, yaani kilo 280. Wajapani, kwenye karatasi za gari dogo, huhesabu kilo 55 kwa kila mtu, na gari la watu 5 linapewa kilo 275. Maana yake ni kwamba kabla dereva hajaketi wala msaidizi hajafunga mlango, Corolla ile ilikuwa imeshapita mzigo wake. Springi hazikulala kwa uzee peke yake.

Na spesa hazikuongeza hata kilo moja ya uwezo wa kubeba. Zilipandisha bodi tu. Mzigo uleule ulibaki kwenye springi zilezile, matairi yaleyale na beringi zilezile, ila sasa viungo vyote vya chini vilikaa kwenye pembe ambayo havikutengenezewa.

Nani anabeba nini

Corolla hii mbele ina mfumo unaoitwa kwa jina la Earle MacPherson, injinia Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940, na ambao ulienea kupitia magari ya Ford yaliyoundwa Ulaya kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950. Springi na shokapu vimeunganishwa kuwa nguzo moja. Juu nguzo inashikwa na mauntingi ya raba, chini imefungwa kwa boliti kwenye chuma kinachobeba habu, kitovu cha gurudumu. Chini kabisa kuna mkono, mafundi wanauita loa amu, unaokwenda kutoka kwenye bodi hadi kwenye boljointi, kiungo cha duara kinachouunganisha na chuma cha habu. Upande wa bodi mkono huo una bushi mbili, yaani vishikizo vya raba na chuma, ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Kisha kuna stabilaiza, ile fito ndefu inayounganisha kushoto na kulia kupitia linki zake mbili ili gari lisilale sana kwenye kona.

Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu haibebi uzito, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kucheza. Kwa hiyo shokapu ikifa gari linayumba na kupiga mawimbi, linainuka na kushuka mara kadhaa baada ya tuta moja. Kugonga kwa chuma, kukavu, kwenye vishimo vidogo, mara nyingi kunatoka kwenye kitu chenye nafasi ya kucheza: linki ya stabilaiza, boljointi, bushi iliyochanika, au mauntingi iliyolegea. Aliyesikia "ko, ko" na kuuza shokapu hakusikiliza gari.

Ukaguzi

Tulifanyia chini ya mwembe nyuma ya nyumba, ardhi ikiwa laini. Jeki ikiwekwa juu ya udongo wa namna hiyo inazama upande mmoja huku gari likiwa juu, kwa hiyo tuliweka kipande kinene cha ubao chini ya jeki na vingine chini ya stendi. Magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe pande zote mbili. Gari likishainuliwa linakaa juu ya stendi, halikai juu ya jeki, na hakuna anayeingiza kichwa chini kabla ya kulisukuma kwa nguvu toka pembeni kuona kama limetulia. Hapa simlegezei mtu yeyote. Tofali la kuchoma si stendi, hata yakipangwa manne, maana linapasuka ghafla bila kutoa dalili.

Tukashika gurudumu la kushoto, mkono mmoja juu na mwingine chini, tukalitikisa. Lilicheza. Mchezo wa namna hiyo unaweza kuwa beringi au boljointi, na kuna njia rahisi ya kuvitenganisha: mtu mmoja akanyage breki huku mwingine akitikisa. Breki inafunga diski na habu kuwa kitu kimoja, hivyo mchezo ukipotea tatizo ni beringi, ukibaki ni kiungo cha chini. Ulibaki. Nikapenyeza mtaimbo kati ya loa amu na chuma cha habu, nikabinya taratibu, na boljointi ikapanda na kushuka mbele ya macho yetu. Kinga yake ya raba ilikuwa imechanika upande wa ndani, na grisi yote ilishageuka kuwa matope meusi yenye mchanga.

Nilimwonyesha shemeji kwa tochi, kwa sababu hiki ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Kwenye mfumo huu boljointi ikichomoka, gurudumu linalala nje, ekseli inachomoka na usukani unabaki bila kazi. Yeye alikuwa anapita nayo lami ya Sikonge akiwa na mzigo kamili.

Tairodi endi, viungo vya ncha za fito za usukani, tulizipima kwa kushika gurudumu kushoto na kulia. Zilikuwa nzima. Linki za stabilaiza zinahitaji uangalifu kidogo: gurudumu moja likining'inia na jingine likiwa chini, fito inajisokota na kuikaza linki, ukiishika unaona ngumu na kudhani ni nzima. Lazima magurudumu yote mawili yawe kwenye kimo kimoja. Tulipoyainua yote, linki zote mbili zilicheza kwa mkono, na ya kushoto ilitoa sauti ileile aliyokuwa akiisikia njiani.

Bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa kushoto haikuhitaji kifaa. Raba ilikuwa imeachana na chuma kwa zaidi ya nusu ya mzunguko wake. Dereva akikanyaga breki, gurudumu lilisukumwa nyuma, mkono ukafuata, na gari likageukia upande huo. Malalamiko ya pili yalipata jibu hapo. Bushi ya kulia ilikuwa na nyufa ndogo tu.

Kilichobaki kushoto ni buti la nje, yaani kinga ya raba, la sivijointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu hata likikata kona. Mikunjo yake ilikuwa imesagana hadi ikatoboka, na grisi ilirushwa duara zima ndani ya rimu. Ekseli inayokaa kwenye pembe kali muda wote inakunja buti upande mmoja na kulivuta upande mwingine kila gurudumu linapozunguka. Sivijointi yenyewe tulikuta haijaanza kulia kwenye kona, kwa hiyo buti jipya na grisi mpya vilitosha.

Spesa zilivyoua bushi

Kuna aina mbili za spesa kwenye gari hili, na kila moja inaharibu kwa njia yake.

Spesa ya juu ya mauntingi inashusha nguzo nzima. Shokapu inafanya kazi kwa urefu wake uleule, ila gurudumu likining'inia sasa linashuka sentimita kadhaa zaidi ya alivyokusudia aliyeunda gari. Boljointi inafika mwisho wa mzunguko wake, sivijointi inakunjwa kuliko inavyotakiwa, na kila korongo linalolegeza gurudumu linaivuta raba ya kinga. Dereva hasikii chochote. Anachoona ni gari refu.

Raba ya katikati ya springi inafanya jambo jingine. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiibana miwili, inabaki na minne. Ugumu wake unapanda mara moja na nusu, ndiyo maana nyuma ilirukaruka gari likiwa tupu. Mizunguko minne ndiyo inayolazimika kufanya safari ya sita kwenye kila shimo. Juu ya hapo raba inakamata mchanga na maji. Tulipozitoa, sehemu iliyogusana na raba rangi ilishatoka na chuma kimeliwa na kutu, kwenye springi ya kushoto hadi kucha inanasa ukiipitisha. Springi huvunjika kuanzia kwenye kidonda kama hicho.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha, na ndilo lililomaliza bushi ya mkono. Bushi ya raba ina bomba la chuma ndani, raba iliyogandishwa juu yake, na ganda la chuma nje. Boliti inapokazwa inalibana bomba la ndani lisizunguke kabisa. Mkono ukipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza: raba yenyewe ndiyo inayojisokota, kisha inarudi. Kiwandani boliti hiyo hukazwa gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, ili raba iwe imetulia gari likisimama, na isokotwe kidogo juu na kidogo chini.

Sasa ukiinua gari kwa sentimita 4 bila kulegeza boliti hizo, raba inabaki imesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Kila shimo linaanzia kwenye msokoto huo. Raba yenye zaidi ya miaka 20 haiwezi kuvumilia hilo. Hivyohivyo kwa fundi anayebadilisha bushi mpya na kukaza boliti magurudumu yakining'inia: akishusha gari anakuwa ameshaisokota bushi aliyoinunua leo, na baada ya msimu mmoja utasikia watu wanasema bushi za siku hizi ni feki. Feki zipo, tena nyingi, lakini bushi nyingi nzuri zimeuawa kwa spana.

Kazi yenyewe

Tuliamua spesa zote zitoke, mbele na nyuma. Shemeji alisita, akauliza kama hawezi kubaki na zile za mbele. Nikamjibu kwamba spesa nyembamba, shokapu zikiwa mpya, bushi zikalegezwa na kukazwa upya na mwelekeo wa magurudumu ukapimwa, gari linaweza kuishi nayo. Ila sentimita 4 kwenye Corolla inayobeba mzigo msituni ni kununua boljointi na buti kila msimu. Akakubali. Badala yake tulimtafutia kinga ya chuma ya kufunga chini ya injini, na ekzosi ikasogezwa juu kwa kubadilisha raba za kuning'inizia zilizokuwa zimevutika. Hiyo peke yake ilimrudishia sehemu ya nafasi aliyokuwa akiitafuta.

Boliti za gari la umri huu zimeshikwa na kutu. Tulizipiga brashi ya waya na kuzipulizia dawa ya kulegeza usiku uliotangulia, na asubuhi tena. Nati iliyopewa muda hufunguka, ile inayolazimishwa hukata boliti, na ukiikata ya loa amu utamsubiri mtu wa basi akuletee nyingine toka Dar es Salaam au Mwanza.

Boljointi kwenye gari hili imefungwa kwenye mkono kwa boliti moja na nati mbili, na kwenye chuma cha habu kwa nati yenye spliti pini, kijiti cha chuma kinachoizuia nati isifunguke. Kichwa chake cha mshazari ndicho kinachokataa kutoka. Wengi hupiga nyundo kwenye ncha ya boliti na kuharibu nyuzi. Dawa ni kulegeza nati bila kuitoa yote, kisha kupiga ubavuni kwenye tundu la chuma lililoishika, mapigo machache mazito. Tundu linashtuka, mshazari unaachia. Mpya ilipofungwa ikawekwa na spliti pini mpya, ile ya zamani hairudi.

Nguzo za springi ndizo sehemu ambayo ningependa msomaji asimame na kupima uwezo wake. Springi ya mbele ya Corolla inabeba zaidi ya kilo 250 gari likiwa limesimama tu, na nati ya katikati, juu ya mauntingi, ndiyo inayoizuia isifyatuke. Nati hiyo haiguswi mpaka springi ibanwe kwa vibano viwili vya kazi hiyo, kimoja kila upande, vikikazwa kwa zamu, hadi springi iachane na sahani yake na uweze kuizungusha kwa mkono. Waya wa kufungia, mnyororo wa baiskeli, mtu wa kukalia, yote nimeyaona yakitumika na yote yanaweza kuua. Kama huna vibano, chomoa nguzo nzima kwa zile nati tatu za juu na boliti mbili za chini, ipeleke kwa fundi mwenye navyo, kisha urudi nayo nyumbani ukaifunge mwenyewe. Umeshafanya kazi kubwa zaidi.

Tulipofungua nguzo ya kushoto tukajua kwa nini ile shokapu ya used haikudumu. Kwenye fito yake inayong'aa, karibu na juu, kulikuwa na alama za meno ya praizi. Aliyeifunga aliishika fito isizunguke wakati anakaza nati. Kila fito iliposhuka, mikwaruzo ile ilipita kwenye sili kama msumeno, na mafuta yakatoka. Ndiyo, ilikuwa imekufa, lakini iliuawa siku ya kufungwa. Fito haishikwi kwa praizi hata kwa kitambaa, inashikwa juu kwenye ncha yake, kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Shemeji alinunua shokapu mpya nne, za chapa ya KYB, mbele na nyuma. Hapo sikumzuia, za nyuma nazo zilikuwa zimelowa mafuta na vizuizi vyake vya raba vimemomonyoka. Shokapu mpya iliyolazwa dukani muda mrefu huwa na hewa upande wa kazi. Isimamishe wima, ivute na kuibonyeza mara kadhaa hadi mkono usikie uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiifunga bila hivyo unaweza kusikia inabugia siku za mwanzo na kudhani umeuziwa mbovu.

Springi za nyuma zilinunuliwa jozi. Hubadilishi springi moja, gari litakaa upande.

Bushi za loa amu zilitolewa na kuingizwa kwa presi kwenye karakana moja mjini, zote za kushoto na kulia. Kabla ya kupeleka mkono nilichora alama kwa patasi kuonyesha bushi kubwa ilivyoelekea, kwa sababu ina matundu ndani ya raba na ikigeuzwa inakuwa laini upande usiotakiwa. Mzee wa presi aliiona alama akacheka, akasema wengi humletea chuma bila hata kukumbuka upande wa juu ni upi.

Shemeji aliuliza kuhusu bushi za poliyurithini, zile ngumu za rangi zinazouzwa kama za kudumu. Zina faida zake: hazichaniki kirahisi, na usukani unakuwa mkali. Lakini nyingi hazijagandishwa kwenye bomba la ndani, zinateleza juu yake, na zinahitaji grisi yake maalumu ya silikoni. Kwenye vumbi laini la Sikonge grisi hiyo hukusanya mchanga, zinaanza kulia na kujila. Mtetemo wote pia unapelekwa kwenye bodi. Kwa gari la lami linaloendeshwa kwa kasi ningezifikiria. Kwa kazi yake nilichagua raba ya kawaida, nzuri, iliyofungwa inavyotakiwa.

Vitu vyote vilipofungwa, boliti za mikono ya mbele na zile za viungo vya nyuma zilikazwa kwa mkono tu. Magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa juu ya vipande vya mbao vipana ili tupate nafasi ya kuingia chini likiwa limejibeba lenyewe. Tukalibonyeza mbele na nyuma mara kadhaa likae kimo chake. Hapo ndipo boliti za bushi zikakazwa. Asiye na mbao za kutosha anaweza kuweka jeki chini ya boljointi na kuinua mpaka bodi ianze kuachana na stendi, akakaza hapo, matokeo ni yaleyale. Nati za magurudumu zilikazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103, kwa mtindo wa nyota.

Mwelekeo wa magurudumu

Matairi yaliyolika ndani, ukiyapitisha kiganja, yalikuwa na meno upande mmoja. Meno ya namna hiyo yanatokana na magurudumu kutotazama mbele sawasawa. Aliyeinua gari hakupima baada ya kuinua, na aliyebadilisha shokapu naye hakupima.

Nyumbani tulifunga uzi pande zote mbili, kuanzia stendi ya mbele hadi ya nyuma, umbali sawa kutoka habu za nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Ukipima toka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wake wa nyuma, tofauti inakuonyesha gurudumu linatazama wapi. Yalikuwa yamefunguka mbele waziwazi. Tukayarudisha kwa tairodi, pande zote kwa kiasi kinacholingana ili usukani ubaki katikati, hadi tofauti ikawa karibu na sifuri. Uzi ulitosha kulifikisha gari kwenye mashine ya alaimenti bila kula matairi mapya njiani. Mashine ilikwenda kuhakikisha na kupima nyuma pia.

Lilivyo sasa

Kugonga kumekwisha. Kwenye breki linanyooka. Nyuma likiwa tupu limetulia, na hilo ndilo alilolisema kwanza aliporudi kutoka kulijaribu, hata kabla ya kutaja kelele. Linki mbili, boljointi, buti na bushi kwa pamoja vilimgharimu kidogo kuliko zile shokapu za used zilizotoka.

Mzigo tulikubaliana kwa hesabu, si kwa kukisia. Akiwa peke yake, ndoo 7: kilo 196 za asali na uzito wake wa kama kilo 75 vinamweka chini kidogo ya kilo 275. Akiwa na msaidizi, kwa hesabu ileile ya kilo 55 za mtu, ndoo 5. Za kwanza zinawekwa sakafuni nyuma ya viti vya mbele, zinazobaki zinakwenda kwenye buti la mizigo, ili springi za nyuma zisibebeshwe peke yake. Zaidi ya hapo, asali inapanda gari la mizigo linaloshuka kutoka Sikonge na yeye analipia nauli ya ndoo. Amelalamika kuhusu nauli hiyo, na ninamwelewa, faida ya asali ni nyembamba. Lakini bei ya springi, shokapu na matairi aliyoyamaliza kwa misimu miwili iko kwenye daftari lake mwenyewe, na yeye ndiye aliyeijumlisha.

Baada ya kilomita 500 tulilirudisha gari juu ya stendi tukakagua kila nati. Linki ya kulia ilikuwa imelegea robo mzunguko, tukaikaza. Buti za sivijointi za kulia ni kavu lakini zimeanza nyufa kwenye mikunjo, na bushi za viungo vya nyuma ni za asili ya gari, hazijachanika ila zimekuwa ngumu. Hizo ameziweka kwenye orodha ya kununua kabla msimu ujao wa kurina haujafunguliwa.